Mwulize Wakili Siku Ambazo Bima Haitalipa

(Hotuba kwa mkutano wa wafanyabiashara, imeandikwa upya kutokana na maelezo ya mzungumzaji)

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, wafanyabiashara wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Nianze kwa kuungama. Kabla sijawa wakili wa wenye biashara, nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza. Kazi yangu ilikuwa kusoma madai yaliyoletwa kwenye kampuni ya bima na kushauri yalipwe au yasilipwe. Faili likifika, nilifungua hati ya bima, nikafungua na fomu ambayo mteja aliijaza siku ya kwanza, nikaviweka pamoja na kuanza kulinganisha. Mara nyingi mambo yalikuwa sawa na fedha zilitoka. Hilo niliseme wazi, maana si haki kuwachora watu wa bima kama wezi. Lakini madai mengi yaliyokwama yalifanana. Mtu amelipa ada zake zote bila kuchelewa, hasara yake ni ya kweli, wala hakudanganya mtu. Kilichomwangusha ni sentensi moja iliyokuwa ndani ya hati yake tangu mwanzo, na upande wake hakuna aliyewahi kuisoma. Wa kwanza kuisoma kwa makini nilikuwa mimi, na mshahara wangu ulitoka upande ule mwingine.

Ndiyo maana nilipoombwa nizungumze juu ya kumwajiri wakili akague mkataba wa bima ya biashara, sikusita. Nimekuja na jambo moja. Mkienda kwa wakili na hati yenu, msimwulize kama bima ni nzuri. Atawajibu kwa heshima kwamba si mbaya, mtamlipa, mtaondoka. Mwulizeni hivi: ni siku gani bima hii haitalipa? Na ili ilipe, mimi na watu wangu tunatakiwa tufanye nini kila siku?

Ukinunua mashine unaiwasha palepale, unaisikia inavyonguruma, ukiona haifai unairudisha. Ukikata bima umenunua maneno. Hakuna cha kuwasha. Utakuja kujua kama yanafanya kazi siku ghala limeungua, na siku hiyo huna tena cha kurudisha. Sasa hebu tuambizane ukweli, wangapi humu ndani wamesoma hati ya bima ya biashara zao kupita ule ukurasa wa mbele wenye jina, kiasi na tarehe? (Mikono mitatu. Mmoja ukashushwa.) Asanteni kwa ukweli wenu.

Niwape kisa cha zamani, kwa sababu kinaonyesha maneno yanavyoweza kumla mtu akiwa mzima. Mwaka 1786 mahakama ya Uingereza iliamua kesi iitwayo De Hahn dhidi ya Hartley. Meli iliondoka Liverpool kuja Afrika, na kutoka huku kwenda West Indies, yaani visiwa vya Karibi. Biashara gani ilifanywa kwenye njia hiyo miaka ile, nadhani sina haja ya kuwaeleza. Katika mkataba wa bima mwenye meli aliahidi kwamba meli itaondoka Liverpool ikiwa na mabaharia 50 au zaidi. Iliondoka na 46. Saa kama sita baadaye ilisimama Anglesey, hapohapo jirani, ikachukua wengine sita, wakawa 52. Baadaye sana, katika safari hiyo, meli ilitekwa. Wale mabaharia waliopungua kwa saa sita hawakuhusiana hata kidogo na kutekwa huko. Mahakama ikasema haidhuru: uliahidi 50, uliondoka na 46, bima imekufa.

Sina huruma na mwenye meli ile. Kanuni yenyewe lakini iliishi zaidi ya miaka 200, ikasafiri na sheria ya Kiingereza kwenda nchi nyingi zilizoirithi, ikawapata watu wengi wasio na hatia. Waingereza wenyewe waliirekebisha kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Kwa sheria hiyo, ukivunja ahadi ya aina hiyo bima inasimama kwa muda, na ukirekebisha kasoro inarudi. Tena kampuni haiwezi kushika sharti lisilohusiana na hasara iliyotokea ili ikwepe kulipa. Ila hiyo ni Uingereza. Nchi nyingine zimebaki na kanuni ya zamani, nyingine zina yake tofauti kabisa. Kwa hiyo wakili wako aanze hapo: mkataba huu unatawaliwa na sheria ya nchi gani, na sheria hiyo inasemaje mtu akiteleza kwenye sharti? Kama hawezi kukujibu, hata baada ya kuomba siku mbili za kutafuta, tafuta mwingine.

Msidhani mambo ya mabaharia yamekwisha. Yamebadilisha sura tu. Siku hizi hati inasema king'ora kitakuwa kimewashwa kila usiku na kitafanyiwa matengenezo na fundi aliyetajwa. Au mlinzi atakuwepo saa zote ambazo hakuna kazi. Au bidhaa zitawekwa juu ya chaga, sentimeta kadhaa kutoka sakafuni, ili maji yakiingia yasizifikie. Au jengo halitaachwa tupu zaidi ya siku 30. Mwenye biashara akiyasoma haya kwa mara ya kwanza huitikia, “Sawa, ndivyo tunavyofanya.” Kisha unaenda naye stoo, unakuta shehena iliyofika juzi imewekwa chini kwa sababu chaga hazitoshi, na king'ora kimezimwa tangu paka alipokianzisha usiku wa manane.

Kwa sababu hiyo nina ushauri ambao mawakili wenzangu wengine hawaupendi: mtoe wakili ofisini. Mlete aone ghala, mlango wa nyuma, mahali mnapoweka mafuta. Wakili anayesoma hati bila kuona biashara amesoma nusu. Nikipewa kazi hii huwa naomba saa moja ya kutembea na mtunza ghala peke yake, bosi akiwa mbali. Mtunza ghala ndiye anayejua kweli. Na kazi ikiisha, karatasi yangu lazima imfikie yeye pia. Mara ngapi nimeona ushauri mzuri umefungiwa kwenye kabati la mkurugenzi, na aliyeshika swichi ya king'ora hajui hata kama upo!

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia bila kuvunja ahadi yoyote. Karibu kila bima ya mali ya biashara ina kipengele cha uwiano. Kinasema hivi kwa ufupi: ukikatia bima mali yako chini ya thamani yake, utahesabiwa umejikatia bima mwenyewe kwa kile kilichobaki. Tuseme bidhaa zako zina thamani ya 100, nawe umeandika 60 ili ada iwe ndogo. Moto unateketeza bidhaa za thamani ya 40. Wewe unasema, “Nina bima ya 60, hasara ni 40, nilipeni 40.” Kampuni inasema: ulikatia bima asilimia 60 ya mali yako, basi tunakulipa asilimia 60 ya hasara. Unapata 24. Na ile 24 bado inakatwa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe.

Mtu anaweza kuingia katika shimo hili hata kama alianza vizuri. Mwaka wa kwanza aliandika thamani sahihi. Bei zimepanda, biashara imekua, kila mwaka anahuisha bima kwa tarakimu ileile kwa sababu fomu ilikuja imeshajazwa. Miaka mitano baadaye ana bima ya nusu ya mali yake na anaamini analindwa yote. Wakili atakuonyesha kipengele kilipo na maana yake. Kukuambia mali yako ina thamani gani si kazi yake. Hiyo ni ya mthamini. Kingine ambacho wakili ataangalia ni neno thamani lenyewe: ni bei ya kununua kitu kipya, au bei ya kile cha zamani kikiwa kimechakaa? Kwa mashine ya miaka kumi, tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuamua kama kiwanda kitafunguliwa tena.

Na kufunguliwa tena kunanileta kwenye bima ya mapato, ile inayolipa biashara inaposimama. Wengi hawana. Walio nayo huiamini kuliko inavyostahili. Kwa kawaida inafuatana na uharibifu wa mali: jengo liharibike kwanza kwa janga lililokatiwa bima, ndipo mapato yaliyopotea yafikiriwe. Barabara ikifungwa, umeme ukikatika mtaa mzima, muuzaji wako mkuu akiungua yeye badala yako, jengo lako liko salama na bima haikujui, isipokuwa kuna nyongeza iliyoandikwa mahsusi.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliharibu hoteli moja kubwa mjini New Orleans. Hoteli ilifungwa, ikadai mapato yaliyopotea. Kampuni ya bima ikaleta hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni mzaha: mkataba unatutaka tulipe kile ambacho mngepata kama hoteli isingeharibika, haya, tuchukulie hoteli haikuharibika, mji mzima ulikuwa umeharibika, wageni wangetoka wapi? Kwa hiyo hata kama hoteli ingekuwa nzima msingepata kitu. Wasuluhishi walikubaliana na hoja hiyo, na mwaka 2010 mahakama mjini London nayo ikauacha uamuzi wao usimame. Yaani kadiri janga lilivyokuwa kubwa, ndivyo bima ilivyolipa kidogo.

Kisha likaja janga la UVIKO-19. Biashara ndogo zilifungwa kwa amri, wenye bima wakadai, kampuni zikaleta tena hoja ya hoteli. Msimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza akapeleka mahakamani mfano wa maandishi ya mikataba 21 kutoka kampuni 8, na ilikadiriwa kwamba uamuzi ungegusa wateja wapatao 370,000. Tarehe 15 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa sehemu kubwa, upande wa wateja, na ikatamka kwamba kesi ya hoteli iliamuliwa kimakosa. Kuna jambo ninalolipenda katika hukumu hiyo. Majaji wawili walioiandika, mmoja ndiye aliyeamua kesi ya hoteli mwaka 2010, na mwingine alikuwa mmoja wa wale wasuluhishi. Walikiri wamekosea. Sijui ni mara ngapi katika maisha mtaona mawakili wawili wakikiri hivyo katika karatasi moja.

Lakini angalieni kilichofanyika pale. Majaji walikaa juu ya maneno kama “kutokea” na “umbali wa maili 25”, wakayapima moja moja. Biashara mbili zilizofungwa siku moja kwa amri moja zingeweza kupata majibu tofauti kwa sababu hati ya mmoja ilitaja ugonjwa na ya mwenzake ilitaja uharibifu wa mali tu. Hakuna aliyelijali neno hilo alipokuwa anatia sahihi.

Mtaniambia: je, si kuna kanuni kwamba neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika? Ipo, na ni nzuri. Ila ni kanuni ya mahakamani. Kuifikia kunagharimu miaka na ada. Na kuna mtego ndani yake: kama maneno hayo yaliandikwa na dalali wako wa bima kwa niaba yako, upande wa pili unaweza kudai mwandishi ni wewe.

Nizungumze kidogo juu ya wakati. Watu hunijia wakiwa na hati mkononi na majivu kwenye viatu. Nawasaidia ninavyoweza, ila ile si kazi ya kukagua mkataba tena, ni kesi. Wakati wa kukagua ni kabla ya sahihi, au wiki kadhaa kabla ya kuhuisha, wakati kampuni bado inaitaka ada yako. Na usikubali kulala na karatasi ya muda ukidhani una mkataba. Majengo ya World Trade Center yaliposhambuliwa tarehe 11 Septemba 2001, ukodishaji wake ulikuwa umesainiwa Julai mwaka huohuo na karibu kampuni zote za bima zilikuwa hazijatoa hati kamili. Kulikuwa na makubaliano ya awali tu. Bima ilikuwa ya dola bilioni 3.55 kwa tukio moja. Ndege zilikuwa mbili, majengo mawili. Ni tukio moja au mawili? Jibu lilitegemea kila kampuni ilikuwa imekubali maandishi yapi, na mwaka 2004 mabaraza ya wazee wa mahakama yalitoa majibu mawili tofauti kwa makundi mawili ya kampuni. Ugomvi ukamalizika kwa makubaliano mwaka 2007, jumla ya malipo kama dola bilioni 4.55. Walikuwa na mawakili wa kila aina pale. Walichokosa ni karatasi iliyokamilika.

Sasa ile fomu ya maombi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sheria ya bima imejengwa juu ya hekima hiyo. Wewe unaijua biashara yako, kampuni haiijui, basi unatakiwa useme yale yanayoweza kubadilisha uamuzi wake au ada yake, hata kama fomu haikuuliza, kwa kadiri sheria ya nchi yako inavyotaka. Kesi inayotajwa kila mahali juu ya wajibu huu ni ya mwaka 1766, Carter dhidi ya Boehm, juu ya ngome moja kisiwani Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Wengi hawajui kwamba katika kesi hiyo aliyeshinda ni mwenye bima. Jaji alisema mtoa bima naye hawezi kufumba macho juu ya yale yanayojulikana na kila mtu, halafu aje kulalamika.

Kwa hiyo mkabidhi wakili nakala ya fomu kama ulivyoijaza, au kama wakala alivyokujazia. Hapa niongeze sauti. Wakala anakaa mbele yako, anauliza, anaandika, anakupa usaini. Wewe ulimsimulia hadithi ya moto mdogo wa jikoni wa miaka miwili iliyopita, yeye akaandika “hakuna”, kwa sababu fomu safi hupita haraka. Sahihi ni yako. Wakili anayeijua kazi atakukalisha na kukuuliza kila swali la fomu upya, na mkikuta kosa ataandika barua ya kulisahihisha mapema. Barua hiyo inaweza kupandisha ada. Ilipe. Na mweleze wakili wako yote, hata ya aibu, maana kwa kawaida sheria inalinda siri kati yako na yeye; dalali hana ulinzi wa namna hiyo.

Hao watu watatu huchanganywa, niwatenganishe upesi. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali anapaswa kukutafutia wewe, ingawa mara nyingi anaishi kwa kamisheni inayotoka ndani ya ada. Wakili unamlipa wewe, na hana faida yoyote ukikata bima hii au ile. Simdharau dalali, dalali mzuri anajua soko kuliko mimi, anajua kampuni gani inalipa kwa wakati na ipi inazungusha watu. Nikifanya kazi vizuri ninafanya naye. Mimi nasema neno hili libadilike, yeye anajua nani atakubali kulibadilisha.

Kumchagua wakili kuna swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: je, wewe au ofisi yako mnafanya kazi za kampuni hii ya bima? Uliza. Ofisi kubwa za sheria huwa ziko kwenye orodha za mawakili wa kampuni za bima, na siku ya ugomvi wataambiwa wakae pembeni, au wawe upande wa pili kabisa. Uliza pia mara ya mwisho alishughulikia madai gani ya bima yaliyokataliwa, na alikuwa upande gani. Aliyeandika mikataba ya nyumba maisha yake yote anaweza kuwa wakili hodari na asijue sharti la kutoa taarifa linavyoua madai.

Juu ya ada sina maneno mengi. Kukagua hati moja ni kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo omba bei moja iliyotajwa, si ya kuhesabu saa. Iandikwe: anasoma nini, anakupa lini, anakupa nini. Mimi ningedai kurasa mbili au tatu za lugha ya kawaida. Wakili akikuletea kurasa 40 zenye kunukuu hati yenyewe, amekupa hati ya pili ya kutosoma.

Katika kurasa hizo nione nini? Nione zile siku ambazo haitalipa, zikiwa zimeandikwa kama siku: siku ghala limeachwa tupu mwezi mzima, siku mfanyakazi wetu mwenyewe ameiba, siku tumepeleka bidhaa kwa gari la kukodi, siku mteja ametushtaki kwa kazi tuliyoifanya miaka mitatu iliyopita. Hiyo ya mwisho izingatieni wenye kutoa huduma na ushauri. Bima ya dhima za kitaaluma mara nyingi hulipa madai yanayoletwa ndani ya muda wa bima, haiangalii kazi ilifanyika lini, isipokuwa hati ina tarehe ya nyuma, na kazi iliyofanyika kabla ya tarehe hiyo bima haiifikii. Ukihama kampuni na tarehe hiyo ikasogezwa mbele bila wewe kujua, miaka yako yote ya nyuma imebaki uchi.

Nione pia ni nani apigiwe simu, na ndani ya muda gani. Hati ikisema taarifa itolewe “mara moja” na ikafanya hilo kuwa sharti la kulipwa, kusubiri hadi mwisho wa mwezi ili mhasibu arudi likizo ni hatari. Na maneno ambayo hatutakiwi kuyasema: ajali ikimpata mteja, ule utu wetu wa kusema “samahani, kosa ni letu, tutalipa” unaweza kuwa umevunja kipengele kinachokataza kukubali kosa bila idhini ya kampuni. Mpe pole, mpeleke hospitali, mtunze. Habari ya nani alipe iache kwanza.

Mletee na mikataba yako mingine: ya pango, ya mkopo, ya wateja wakubwa. Kampuni ya bima ikishakulipa, inashika nafasi yako na kumdai aliyesababisha hasara. Lakini huenda katika mkataba wa pango ulisaini kwamba hutamdai mwenye jengo kamwe, hata nyaya zake mbovu zikikuunguza. Umeiuza haki ambayo kampuni ya bima ilikuwa inaitegemea, na hukuiambia. Karatasi mbili, kila moja nzuri ikiwa peke yake, zikiwekwa pamoja zinapigana. Kuzisuluhisha mapema kunaweza kuhitaji sentensi moja ya nyongeza.

Kuna watakaosema kampuni haziwabadilishii maneno watu wadogo. Maandishi ya msingi, kweli, ni magumu kuyagusa. Nyongeza zinawezekana zaidi ya mnavyodhani, hasa mkiomba kitu mahsusi: siku 30 ziwe 60, “mara moja” iwe “mapema iwezekanavyo”, mlinzi awe mlinzi au king'ora. Na wakikataa yote, bado umejua. Utanunua chaga.

Je, kila mtu anahitaji wakili? Hapana, na nasema hivi nikijua najipunguzia wateja. Bima ya gari ya lazima, ambayo maudhui yake yamewekwa na sheria, haihitaji mimi. Biashara ya mtu mmoja yenye kompyuta na meza, msomee dalali wako maswali niliyoyasema na uandike majibu yake. Lakini ukiwa na ghala, wafanyakazi, mkopo uliodhaminiwa na mali hiyohiyo, au wateja wanaoweza kukushtaki, hapo ada ya wakili ni ndogo kuliko ile tofauti ya 40 na 24.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna ndugu aliniuliza kabla ya kikao, akicheka, kama mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu asome bima ya ofisi yangu. Nilimjibu ndiyo. Nilijisomea mwenyewe miaka minne nikijisifu. Mwaka wa tano nikampa wakili kijana aliye ofisi ya jirani. Alirudi baada ya siku tatu, akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza, “Mzee, fomu yako inasema mlango huu una kufuli mbili. Ya pili iko wapi?”

Fundi alikuja jioni ileile. Haya, maswali. Naona mama kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja paka.